Chombo Kisicho na Mkia

Mtaa mzima ulimwita Cheche, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mikono imejaa alama ndogo ndogo za moto, sauti ni ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za grenda ya kukatia chuma. Siku sita za juma alitengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda vya chuma. Jumapili alioga mapema, akavaa gauni, akaenda kwa shemeji yake kubishana.

Shemeji huyo alikuwa mume wa marehemu dada yake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Mazoea yao yalianza mwezi mmoja baada ya maziko. Cheche alipita kumjulia hali, akamkuta peke yake sebuleni anaigombeza televisheni.

"Haiwezekani!" Mwalimu alikuwa anasema. "Pete inazunguka, ngazi haizunguki. Sasa huyu kapitaje?"

Cheche aliuliza kuna nini. Akaambiwa aketi. Aliketi, na kwa miaka sita hakukosa Jumapili hata moja.

Tamthilia yenyewe iliitwa *Mbali na Jua*. Ilihusu watu thelathini ndani ya chombo kimoja cha anga kilichoitwa Kimondo, kirefu kama tupa, chenye pete kubwa katikati na mkia wenye injini mbili. Wengine waliitazama kwa sababu ya mapigano. Mwalimu aliitazama kwa rula, maana aliwahi kweli kusimama mbele ya kioo na rula mkononi, kupima mlango. Cheche alitazama maungio. Akiona bati limeungwa kiholela alisonya kama ameletewa yeye kazi hiyo airekebishe.

Mtu wa tatu alikuwa Kinyozi, jirani wa nyumba ya pili, ambaye alijikaribisha msimu wa kwanza na hakuna aliyemfukuza. Yeye chombo hakikumshughulisha. Alitaka kujua nani anampenda nani. Kipindi kile ambacho nahodha alifunga mlango na kuwaacha mabaharia wanne upande wa moto, Kinyozi alilia machozi ya wazi, Cheche akamwita nahodha muuaji, na Mwalimu akasema taratibu kwamba nahodha alikuwa na hewa ya watu ishirini na sita, basi afanye nini? Mjadala huo ulichukua miezi miwili. Binti wa Mwalimu, muuguzi, aliyeishi pale nyumbani na baba yake, alikuwa akipita na ndoo ya nguo anatikisa kichwa. "Watu wazima," alisema, "mnamgombania mtu ambaye hayupo."

Kisha ukaja msimu wa tatu, na Kimondo cha zamani kikateketea. Watu wa tamthilia wakapewa chombo kipya.

Hapo ndipo Cheche alipaswa kuona mapema kwamba kuna jambo, lakini hakuona. Kimondo kipya kilikuwa kitu cha ajabu. Kilikuwa kipana, kimebenuka juu na chini kama mbegu ya boga, injini tatu zimeshikwa na mikono mifupi kwa nyuma, pete hakuna, mkia hakuna. Cheche alikipenda palepale. Jumapili tatu mfululizo yeye na Kinyozi walikizungumza hadi chai ikapoa, na Jumapili tatu mfululizo Mwalimu aliwarudisha kwenye chombo cha zamani.

"Kile kilikuwa na akili," alisema. "Pete ya mita arobaini, inazunguka mara nne kwa dakika. Hesabu inakubali."

"Shemeji, kile kimeungua. Tuzungumze hiki."

"Hiki hakina sura."

"Hakina sura kivipi? Eleza. Wewe si ndiye uliyetufundisha kueleza?"

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, amekisogeza karibu na televisheni kuliko zamani. Akakohoa. "Mkia," alisema. "Mkia ni mrefu mno. Uzito wote umekwenda nyuma."

Kinyozi aliangua kicheko. "Mkia upi, Mwalimu? Hiki chombo ni kipara kama kichwa changu!" Akajipiga kiganja utosini.

Mwalimu naye alicheka, lakini alichelewa, na alicheka akiangalia upande ambao Kinyozi hakuwepo. Cheche alitazama meza. Kikombe cha shemeji yake kilikuwa kimewekwa kwenye kisahani chenye ukingo wa juu, sukari ilikuwa imekorogwa tayari, na rimoti ilikuwa imefungwa mpira kwenye kitufe kimoja. Vitu hivyo alikuwa ameviona kwa wiki kadhaa bila kuviona.

"Hebu tuacheni mkia," alisema haraka. "Kinyozi, yule mwanamke wa mitambo ataolewa au hataolewa?"

Kinyozi hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alianza, na hakunyamaza mpaka kipindi kikaisha.

Cheche alibeba vikombe akaenda navyo jikoni. Binti wa Mwalimu alikuwa anamenya viazi. Alimwangalia usoni, akaweka kisu chini.

"Mama mdogo, umejua."

"Tangu lini?"

"Miezi minane. Presha ya macho. Tulichelewa, yeye alidhani ni miwani imezeeka. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na kitundu tu katikati, kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki."

"Na hukuniambia. Mimi."

"Aliniapisha, mama mdogo. Akasema mkijua mtaanza kuja kumtazama yeye badala ya kutazama televisheni."

Cheche alishika ukingo wa sinki. Alitaka kukasirika na hakujua amkasirikie nani. "Sasa anaona nini pale?"

"Rangi zinapita. Sauti anazisikia vizuri. Kile chombo cha zamani anakijua kichwani. Hiki kipya hajawahi kukiona kizima hata siku moja."

Jumatatu asubuhi Cheche alifungua karakana, akampigia simu mteja wa grili na kumwomba radhi kwamba kazi yake itachelewa siku mbili. Kisha akachukua kipande cha karatasi ngumu, akatafuta Kimondo kipya kwenye simu yake, akasimamisha picha mahali nahodha amesimama mlangoni. Mlango ulimpita nahodha kidogo tu, basi aliukadiria mita mbili. Kutoka puani hadi kwenye injini ilikuwa milango ishirini na nne. Mita arobaini na nane. Akiweka sentimita moja kwa kila mita, atapata kitu cha karibu nusu mita, cha kubebeka kwapani.

Alikata bati jembamba kwa mkasi, vipande kumi na sita vya juu na kumi na sita vya chini, akavipinda kimoja kimoja kwenye bomba. Kuvichomelea bila kuvitoboa kulimtoa jasho kuliko geti lolote alilowahi kutengeneza, kwa sababu bati la namna ile ukilikawilia linayeyuka kama sukari. Injini alizikata kwenye nondo nene. Madirisha alikuwa ameyachora mapema kwa kugonga patasi upande wa ndani ili yatoke kwa nje, maana dirisha la rangi halingemsaidia mtu anayetumia vidole. Miguu mitatu ya kutulia, mmoja mbele, miwili nyuma.

Alipomaliza alipiga tupa, akapiga msasa, kisha akafumba macho na kukipapasa chote, pole pole, juu na chini. Chini ya tumbo kilimkata kidole. Alinyonya damu, akafumbua macho, akatazama mahali pale. Kwa macho palionekana safi kabisa. Akapiga msasa tena, akafumba tena. Alirudia hivyo mara tano.

Kulikuwa na tatizo moja. Kila alipokisimamisha kwenye miguu yake, kilikaa kitako. Pua juu, injini chini, kama mtu aliyeteleza. Alijaribu kusogeza miguu, lakini kama miguu ingesogea, isingekuwa tena pale ilipo kwenye tamthilia. Mwishowe alitoboa tundu dogo chini ya pua, akapenyeza kipande cha chuma, akaziba. Kikasimama vizuri. Hakuna atakayejua, alijiambia.

Shida ikawa namna ya kukipeleka. Njia nzima alipanga maneno, na kila alilolipanga lilisikika kama salamu za rambirambi. Alipofika, Mwalimu alikuwa barazani peke yake, redio imezimwa, miguu juani.

"Shemeji, hodi."

"Karibu. Leo si Jumapili."

"Najua. Nimekuletea kitu." Akakosa la kuongeza. Akamwekea chombo mapajani.

Mikono ya Mwalimu ilikigusa, ikasimama. Uso wake ulibadilika. "Ni nini hiki?"

"Kimondo. Kipya."

Mwalimu alisukuma miwani yake juu kwa kidole kimoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia darasani mwanafunzi akivuka mpaka, "Binti yangu amekwambia."

"Nilijua kabla hajaniambia. Ulizungumzia mkia."

"Kwa hiyo mmekaa jikoni mkanionea huruma. Ukaenda ukanitengenezea mwanasesere nichezee."

"Shemeji, mimi huruma sina. Muulize mtu yeyote mwenye deni la geti." "Nimechoka kubishana peke yangu. Kinyozi hajui kutofautisha injini na birika. Wiki tatu nasema hiki chombo ni kizuri na hakuna wa kunipinga. Wewe unanipinga kwa chombo kilichoungua. Huo si ubishi, shemeji. Ni kukimbia."

Mwalimu aligeuzia uso ukutani. Cheche alikata shauri kwamba amekosea, na akainama akichukue chombo aondoke nacho. Hakuweza. Mikono ya mzee ilikuwa imekishika.

Kidole gumba cha kulia kilianza safari. Kilitoka puani, kikafuata ungio la kwanza, kikapanda mgongoni. Mkono wa kushoto ulipita chini. Alipokuta madirisha alihesabu kwa midomo bila sauti. Aliipata injini ya kwanza, ya pili, akatafuta ya tatu, akaikuta juu yao, akaguna.

"Kwa hiyo ziko pembetatu."

"Pembetatu."

"Pande sawa?"

"Karibu. Ya juu imeinuka kidogo."

"Usiniambie karibu. Mimi na karibu tulishaachana." Akapima kwa shubiri yake, akapima tena. "Na pete hakuna. Basi watu wanakanyagaje sakafu?"

"Wanasema chombo chenyewe kinajizungusha."

"Chote? Na nahodha anatazama nje bila kutapika?" Cheche alimwona anataka kucheka na anajizuia. "Kipana hivi. Kimenona. Kumbe ndicho hiki." Sentensi ya mwisho aliisema polepole, na Cheche aligeuka akatazama barabara mpaka mzee alipokohoa.

"Miguu yake iko wapi? Ah. Mmoja, miwili. Shemeji, hii ya nyuma mbona iko mbele ya injini?"

"Ndivyo ilivyo kwenye televisheni."

"Basi kitakaa kitako."

"Hakikai," Cheche alisema upesi mno. "Nimekisimamisha mwenyewe."

Mwalimu alikinyanyua kwa viganja viwili, akakipima hewani kama mtu anayepima mtoto. Akakisogeza mbele, akakirudisha nyuma. Akatabasamu tabasamu ambalo Cheche hakuwa ameliona tangu msimu wa pili.

"Hii pua," alisema, "mbona nzito?"

Cheche alianza kufunga upya kitenge chake.

"Fundi. Mbona pua nzito?"

"Niliweka kipande cha chuma."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kinakaa kitako."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamtoka. Alicheka akipiga goti na kusema "Umewasaidia watu wa tamthilia kudanganya!" na binti yake akatoka ndani mbio akidhani baba yake analia. Alimkuta Cheche naye anafuta machozi kwa ukingo wa kitenge.

"Lakini subiri kwanza," Cheche alisema alipopata pumzi. "Kipindi cha pili walisema tangi la maji liko mbele, linazunguka chumba cha nahodha. Kwa hiyo uzito mbele upo. Mimi sijadanganya, mimi nimeweka maji."

"Maji! Tani ngapi?"

"Hawakusema."

"Kwa hiyo wakiyanywa, wanaanguka?"

Ubishi huo uliwafikisha mchana. Walikula palepale barazani, chombo kikiwa katikati ya sahani.

Jumapili ilipofika, Kinyozi alikuja na kashata za kutafuna na habari za mwigizaji fulani. Hakuwahi kuzitoa. Mwalimu alimtaka aketi kwanza.

"Kinyozi, ule mkia. Sikuwa nimezeeka akili. Sioni."

Kinyozi alimtazama Cheche, akamtazama binti wa Mwalimu, akarudi kwa mzee. Uso ulimwiva kwa aibu. "Mwalimu, nilikunyoa juzi. Saa nzima umekaa kwangu. Hukusema kitu."

"Kunyolewa hakuhitaji macho ya anayenyolewa."

"Na mimi nikakucheka."

"Ulicheka kwa haki. Kipara ni kipara. Sasa tuache hayo, kipindi kinaanza. Nataka mnisimulie."

Kusimulia kuligeuka vita. Kinyozi alianza kwa kujitolea, kwa sababu alikuwa bado anaona aibu, na dakika tano nzima Mwalimu aliambiwa nani amekunja uso, nani amebadilisha nywele na kwamba mwanamke wa mitambo amemwangalia daktari "kwa lile jicho".

"Wako wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Wako... ndani."

"Ndani wapi? Chumba gani? Wamekaa?"

Cheche akapokea. Yeye alieleza ukuta una safu ngapi za bati, bomba limepita wapi, mlango umefunguka kwa kwenda upande. Alikuwa bado kwenye reli za mlango wakati sauti ya mwanamke ilipolia kwenye televisheni.

"Nani huyo? Kafa nani?"

"Ah, sikumtazama," Cheche alikiri.

Aliyewaokoa ni binti. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo begani, mtu ambaye kwa miaka sita hakuwahi kukaa. "Daktari ameanguka," alisema. "Yuko kwenye korido nyembamba, ameegemea ukuta wa kushoto, mkono juu ya tumbo. Mwanamke wa mitambo yuko hatua tatu kutoka kwake na hamwendei. Anaogopa." Alisema kama anavyokabidhi zamu hospitalini, bila chumvi, kitu kwa kitu. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vimelala juu ya mgongo wa Kimondo, karibu na dirisha la nne.

"Endelea, mwanangu," alisema.

Binti aliketi ukingoni mwa kiti, akaendelea.

Toka siku hiyo wakagawana kazi. Watu wakiwa ndani, msimulizi ni binti akiwa hana zamu. Chombo kikionekana kwa nje, ni Cheche. Mapenzi yalibaki kwa Kinyozi, naye aliyalinda kama mali yake. Walikosea mara nyingi. Kuna Jumapili Mwalimu alichoka, akasema wazime, anaumwa kichwa kwa kujenga vyumba kichwani, na akaenda kulala saa tisa mchana.

Mwezi uliofuata Cheche alimsindikiza mzee kliniki, kwa sababu binti alikuwa kazini. Walikwenda kwa miguu, mkono wa mzee kwenye kiwiko chake. Cheche alianza kumweleza njia: duka jipya, ghorofa inayojengwa, geti zuri.

"Zuri nini? Sijakuuliza zuri. Lina upana gani, na nani amelichomelea vibaya?"

"Mita tatu na nusu. Bawaba moja imewekwa juu kuliko nyingine."

"Hapo sasa nimeliona."

Daktari alipima, akaandika, akasema presha imekaa pale pale. Kitundu cha jicho la kushoto hakijapungua. Hakuahidi zaidi ya hapo, na Mwalimu hakuomba zaidi. Njiani kurudi, walipokaribia nyumbani, mzee alisimama.

"Shemeji," alisema, "nataka na ndani yake. Ghorofa zote tatu, ziwe za kuvutwa kama droo. Nimechoka kuuliza watu wako wapi."

"Shemeji, mimi nina kazi za watu."

"Sijasema leo."

Jumatano, saa nne asubuhi, mteja alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akisubiri aonyeshwe geti lake. Cheche alikuwa amepiga magoti sakafuni, katikati ya vipande vya bati, simu ameibana kwa bega.

"Shemeji, mteja kanisimamia hapa na ngazi haiingii," alisema. "Ile wanayopanda kutoka kwenye mitambo kwenda kwa nahodha. Nimeipima mara tatu. Ikiingia, inatokeza kwenye dari."

Upande wa pili kulisikika kiti kikivutwa.

"Inatokeza kiasi gani?"

"Kwa kipimo cha chombo chenyewe, mita moja na robo."

"Ahaa," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka vizuri. "Kaa hapo hapo. Mpe huyo mteja kiti. Nipe kwanza urefu wa ghorofa ya chini."